Usukani Saa ya Matangazo

Kabla hujatoboa tundu la kwanza kwenye mashua ya mtu, keti ndani yake kutwa nzima bila kushika chombo chochote mkononi. Hilo ndilo jibu langu kwenu nyinyi mnaopanda boda boda kuja hapa kwangu Kehancha, mkinionyesha kwenye simu picha za mashine mnazotaka niwachagulie. Mnaniuliza otopailoti gani ni nzuri. Nami nawauliza nani atapanda mashua hiyo, atakaa wapi, atakula nini na atasikiliza nini njiani. Mnatazamana. Najua mnachofikiri, kwamba mzee netiweki imekata. Basi ketini, chai ipo, niwaeleze kwa nini nauliza hivyo.

Otopailoti, kwa asiyeijua, ni mashine inayoshika usukani badala ya mtu. Inasoma dira, na mashua ikitoka njiani, mkono wake wa chuma unausukuma au unauvuta usukani mpaka mashua irudi. Sisi Wakuria tumelima kwa ng'ombe tangu zamani, na mnajua jinsi ng'ombe wa mbele aliyefunzwa vizuri anavyofuata mfereji bila kushikwa, wewe ukabaki na kazi ya kukandamiza plau. Mimi mashine hiyo niliielewa kwa njia hiyo. Vitabu vyake nilivisoma baadaye.

Ziwani sikwenda kwa kupenda. Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa umeme wa magari mjini Migori, kwenye gereji ya Fundi Abdalla, na maji niliyoyazoea ni ya kuogea. Siku moja nilikuwa nimelala chini ya lori la tumbaku, nikaona viatu vyeupe vya muuguzi vimesimama karibu na miguu yangu. Mwenye viatu akachuchumaa, akazungumza na sehemu yangu iliyokuwa ikionekana, yaani miguu.

"Fundi, wewe unaweza fanya mashua ijiendeshe?"

Nikamwambia mashua sijawahi kuipanda. Akajibu kwamba hakuuliza kama nimeipanda.

Huyo alikuwa Sista Peres. Si mtawa, kule wauguzi wote ni masista. Alifanya kazi kwenye mashua ya tanga ya kanisa iliyokuwa ikikaa Sori, kwenye ghuba ya Karungu, ikipeleka chanjo na dawa visiwani na kurudi na wagonjwa. Nahodha wake alikuwa mumewe, Okelo, mtu wa Mfangano, ambaye watu walisema alijua kila jiwe lililo chini ya maji kutoka Muhuru mpaka Mbita. Sasa Okelo alikuwa anadhoofika. Miaka ile watu wa kando ya ziwa walikuwa wakizikana sana, na ugonjwa wenyewe hawakuutaja, waliusema kwa macho. Mikono ya Okelo ilikuwa inaisha nguvu, na usukani unataka nguvu kutwa. Vijana walioajiriwa kumsaidia walikaa kidogo wakakimbilia kuvua mbuta, maana malori ya samaki yalikuwa yakingoja ufuoni na kijana huenda penye soko.

Wazee wa kanisa walikuwa wamesema wazi: siku Okelo atakaposhindwa kushika usukani, mashua itavutwa nchi kavu. Peres alijua kupandisha tanga, lakini hangeweza kukaa kwenye usukani na wakati huohuo kumzalisha mama. Mashua ikikaa nchi kavu, visiwa vingerudi kungoja mtumbwi wa samaki wenye mtu mwenye huruma. Hicho ndicho alichoniambia huku amechuchumaa kando ya lori. Hakunibembeleza. Alinieleza tu, kisha akangoja.

Fundi Abdalla akanipa ruhusa. Mzee yule alinifundisha kazi kwa sheria moja: fuata waya kwa kidole chako kutoka kwenye betri mpaka mwisho wake kabla ya kulaumu chochote. Hakukuruhusu kusema mashine ni mbovu kabla kidole chako hakijafika. Alikuja Sori siku moja kuona nimejiingiza katika nini, mashua ikayumba ikiwa bado imefungwa ufuoni, akatapika, akarudi Migori. Kuanzia hapo nilikuwa peke yangu.

Kuchagua kwenyewe kulitusumbua. Kuna aina isiyokula umeme kabisa, inayofuata upepo, na kanisa liliipenda kwa sababu hiyo. Okelo akaikataa. Alituambia upepo wa ziwa letu asubuhi unatoka nchi kavu, saa sita unakufa, alasiri unarudi kutoka ziwani, kwa hiyo mashine inayofuata upepo itawapeleka Tanzania kisha iwarudishe kuomba msamaha. Kuna aina ndogo, fimbo moja yenye dira ndani yake, unaipachika tu. Hiyo ni nzuri kwa mashua nyepesi. Lakini kitabu cha muuzaji kinapima mashua tupu. Mashua yetu ilijengewa Mzungu wa Kisumu, ya kutembelea na mkewe, nayo sasa ilibeba makatoni ya dawa, akina mama na watoto, magunia ya dagaa wa omena na kuku waliofungwa miguu. Vijana, mashine ichagueni kwa uzito wa mashua siku iliyojaa kuliko siku zote, kisha mpande ngazi moja juu ya hapo. Mashine ndogo haivunjiki siku ya kwanza. Inachoka polepole, na huvunjika siku ya mawimbi.

Tukachukua ile kubwa, yenye mkono wake mbali, ubongo wake mbali, na dira yake kwenye kiboksi cha peke yake. Ilikuja kwa basi kutoka Nairobi ikiwa imeviringishwa kwenye godoro.

Nilipoanza kupima nitoboe wapi, Okelo akanizuia. Akaniketisha kwenye usukani asubuhi nzima, mimi niliyeshika kingo kwa mkono mmoja kwa hofu. Usukani ulinivuta bega mpaka likauma. Kisha akalegeza tanga kubwa kidogo, akakaza lile la mbele, na mara usukani ukawa mwepesi, ningeweza kuushika kwa vidole. Tangu siku hiyo sijawahi kufunga mashine kwenye mashua isiyosawazishwa matanga, maana mashua inayomchosha mtu itamaliza betri pia.

Mengine mnayajua au mtayajua. Mkono wa mashine ukae kwa pembe mraba na mkono wa usukani, usukani ukiwa katikati. Chini ya pale unapoufunga weka ubao mgumu na bolti zinazopita mpaka upande wa pili, si skrubu. Waya uwe mnene kuliko unavyodhani unahitaji, fyuzi iwe karibu na betri, na kila kiungio kipakwe grisi kwa sababu unyevu wa ziwa unaingia hata mahali ambapo maji hayafiki. Paneli ya sola tuliifunga juu ya paa la kabini, na kuku waliipenda sana kwa kulalia, ikabidi kila safari mtu mmoja awe waziri wa kufukuza kuku.

Dira ndiyo inayotaka akili. Inatakiwa ikae chini, katikati ya mashua, mbali na chuma na mbali na sumaku. Nilizunguka ndani ya kabini nikiwa na dira ndogo ya mkononi nikiangalia sindano yake. Karibu na injini ilihama. Karibu na nanga ilihama. Mahali pamoja tu ilitulia kabisa: nyuma ya ubao uliokuwa chini ya kirafu kidogo, pembeni mwa mlango wa kabini. Nikaifunga hapo, nikarudisha ubao. Kisha asubuhi moja maji yakiwa shwari tukaizungusha mashua polepole nje ya Sori, duara baada ya duara, ili mashine ijifunze chuma cha mashua yenyewe. Wavuvi wakaacha nyavu zao kututazama. Jioni habari ilikuwa imefika Magunga kwamba mashua ya kanisa imelewa.

Safari za kwanza zilikwenda vizuri mno. Tulitoka Sori asubuhi kuelekea kaskazini, mkono wa mashine ukiingia na kutoka kwa sauti ndogo, Okelo ameketi kando na chai yake. Abiria wakaipa jina. Kwa kuwa aliyeileta alitoka Kehancha, na kwa kuwa ilikwenda moja kwa moja bila kusikia la mtu, wakaiita Mkuria. "Wachia Mkuria," Okelo angesema, na watu wakacheka, nami nikacheka nao. Peres alikuwa mbele anapima watoto uzito, mikono yake yote miwili ikiwa kazini. Alinitazama mara moja tu, nikajua anafurahi.

Kisha alasiri zikaanza kutuharibia kazi. Asubuhi Mkuria aliishika njia, na alasiri, karibu na wakati uleule, alianza kuigeuza mashua kuelekea nchi kavu. Si ghafla. Ukiinua macho unakuta Mfangano imesogea pembeni. Baada ya muda inarudi yenyewe. Okelo akasema mashine inaogopa jua la mchana. Mama mmoja wa Remba akasema ziwa lina wenyewe na hawajaulizwa. Mimi nikafuata waya kwa kidole changu kutoka betri mpaka mwisho, mara nyingi kiasi kwamba kidole kikajua njia bila mimi. Nikakifunika kiboksi kisipate joto. Nikabadilisha betri. Nikaitoa mashua asubuhi bila abiria kuijaribu, ikaenda sawasawa.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja la watu wa kule. Alasiri redio ilitangaza vifo kwa Kijaluo. Jina la marehemu, baba yake, mke au mume, kijiji, siku ya mazishi. Miaka ile matangazo hayo yalikuwa marefu. Hakuna aliyeyakosa, kwa sababu ukikosa kujua ndugu yako anazikwa lini, utamwambia nini mama yake? Kwa hiyo saa ile ikifika, popote mlipo, kazi inasimama. Ndani ya mashua, Peres alikuwa akitoa redio kubwa ya spika mbili kutoka kwenye mfuko wa nailoni kule mbele ilikohifadhiwa isipate unyevu, anaileta nyuma, na watu wote wanajikusanya kimya, vichwa vimeinama.

Mimi sikuwa najua Kijaluo. Niliona si adabu kukaa katikati ya watu wanaosubiri kusikia kama wamefiwa, huku mimi naangalia bolti. Kwa hiyo kila siku, redio ikiletwa, nilinyanyuka nikaenda kukaa mbele kabisa, nikawapa mgongo.

Siku ile tuliyokaribia kuangamia nilikuwa hapo mbele. Mashua ilikuwa imejaa akina mama waliotoka kliniki. Nyuma yangu nilisikia redio, kisha nikasikia mwanamke mmoja akipiga yowe. Jina la kaka yake lilikuwa limesomwa. Sikugeuka. Nilibaki nimeangalia maji, na nilipoinua macho nikaona minandi wamesimama mbele yetu, mabawa wameyatandaza kuyakausha. Ndege hao hawasimami juu ya maji. Walikuwa wamesimama juu ya mwamba.

Nikapiga kelele. Okelo akauchomoa mkono wa mashine, akausukuma usukani, usukani usiende. Mikono haikuwa na nguvu tena. Akaulalia kwa kifua. Peres akaruka juu ya magunia, akamlalia mumewe mgongoni, na wote wawili kwa uzito wao wakaugeuza. Tulipita karibu na mwamba ule kiasi kwamba minandi waliruka. Mashua ilipotulia, Okelo aliketi chini anahema, na Peres akakaa akimshika mikono, akiitazama ile mikono. Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Afadhali wangenilaumu.

Wazee wa kanisa walisikia, bila shaka. Wakasema mashine ikikosea tena mara moja tu, mashua inatoka majini. Okelo alikuwa na miezi, si miaka, na wote tulijua. Nililala kwenye kabini ile juma zima nikiitafuta dosari, na mnielewe vizuri, nilikuwa naogopa. Sikuogopea jina langu. Nilikuwa nimewaona akina mama wale wakipanda mashua na watoto mgongoni kwa sababu waliambiwa fundi ameweka mashine.

Jibu lilikuja bila kutafutwa. Safari moja mdogo wake Peres aliiazima ile redio kwenda nayo msibani Magunga. Tulitoka Sori kama kawaida. Alasiri ikafika, upepo wa ziwani ukaingia, mimi nimekodoa macho kwenye ule mkono wa chuma, na Mkuria akaenda moja kwa moja mpaka tukaingia kwenye kivuli cha mlima wa Mfangano. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Ng'ombe aliyekuwa akitoka mferejini kila siku, leo akitulia, huulizi leo amekula nini. Unauliza leo hajanusa nini. Nikamuuliza Okelo: upepo ni uleule? Ni uleule. Matanga? Ni yaleyale. Mzigo? Tuseme ni uleule. Kimepungua nini?

Peres alikuwa anakunja mizani. Akasema, "Leo hatukusikia wafu tu."

Nikamuuliza redio huwa wanaiweka wapi. Akanyoosha mkono kwenye kirafu pembeni mwa mlango wa kabini, mahali pakavu, na sauti inafika ndani na nje. Chini ya kirafu kile palikuwa na ubao. Nyuma ya ubao ilikuwa dira yangu.

Spika ya redio ina sumaku nyuma yake, vijana, na sumaku haijali kama redio imewashwa. Redio iliporudi kutoka Magunga, tuliifanyia jaribio ufuoni Sori, wazee wawili wa kanisa wakiwa wamesimama hapo. Redio ilikuwa imezimwa. Nikaiweka kwenye kirafu, na mkono wa mashine ukaanza kusukuma usukani wenyewe, mashua ikiwa imefungwa. Nikaiondoa, mkono ukarudi. Nikaiweka tena, ukasukuma tena. Mkuria alikuwa mwaminifu siku zote. Aliambiwa ashike namba fulani ya dira, sumaku ikaipotosha dira, naye akaigeuza mashua mpaka namba irudi, kuelekea mwambani. Mzee mmoja akauliza kama ni majina ya wafu yanayoisukuma. Peres akamwonyesha kwamba redio imezimwa.

Mimi nikatoa amri ya kifundi. Nikasema basi, kuanzia leo redio haiingii humu. Nilidhani nimemaliza.

Okelo alikuwa ameketi ukingoni, shati limemning'inia. Alizungumza taratibu. "Mwita, kama machine yako haiwezi kukaa na wafu wetu, itoe. Hawa watu hawawezi pitwa na mazishi juu ya dira."

Alisema kweli. Kitu nilichokiweka mimi kwenye maisha yao ndicho kilichopaswa kusogea. Lakini dira haikuwa na mahali pengine pa kusogea. Nilishazunguka mashua nzima. Basi tukaangalia redio inaweza kwenda wapi ambapo watu watakaa, patakuwa pakavu, na ni mbali na dira. Tukapigilia ndoano kwenye mlingoti, tukaishonea redio mfuko wa turubai wenye dirisha la spika. Dira ya mkononi ikaniambia hapo ni salama. Kulikuwa na tatizo moja tu: ukikaa nyuma kwenye usukani, upepo unakula sauti. Atakayetaka kusikia lazima aende mbele mlingotini. Usukani ubaki na Mkuria peke yake, bila mtu.

Siku ya kwanza watu walikwenda mlingotini wakigeuka nyuma kila hatua. Okelo hakwenda. Alibaki nyuma, mkono wake umeinuka kidogo juu ya usukani, hauugusi. Peres akamwita, "Njoo usikie. Mkuria ameshika." Okelo akajibu kwamba anasikia akiwa palepale, na sote tulijua hasikii. Siku ya pili hivyohivyo. Miezi yote iliyobaki hivyohivyo. Peres angemwita, naye angesema anasikia. Mkuria hakukosea tena hata alasiri moja, lakini Okelo hakumwachia usukani saa ile. Nilichukizwa kidogo mwanzoni. Baadaye nilielewa kwamba mtu aliyebeba watu miaka mingi hawezi kuwapa mgongo wakati wamefumba macho.

Mimi ndiye niliyebadili mahali pa kukaa. Kwa kuwa kule mbele nilikokuwa nikijitenga sasa kulikuwa kwa wote, nilikaa nao. Kijaluo changu nilikijifunza hapo, kwa majina ya wafu. Nilijua kusema mtoto wa fulani, mume wa fulani, anazikwa siku fulani, kabla sijajua kuomba maji ya kunywa. Wakaanza kunitafutia nafasi. Wakati mwingine jina likisomwa, mtu wa karibu angenishika bega akaniambia huyo alikuwa nani.

Okelo alitumia muda wake kumfundisha Peres matanga. Alimfundisha kuusoma upepo kwa ngozi ya maji, kupunguza tanga kabla hajatamani kulipunguza, na kutomwachia Mkuria mashua iliyoinama sana. Alimfundisha kwa ukali, na Peres alimjibu kwa ukali, na mara nyingine walicheka wote wawili mpaka Okelo akakohoa. Mwishoni alikuwa analetwa mashuani kwa kubebwa, anawekwa palepale nyuma. Kisha hakuletwa tena.

Habari ilinikuta Migori. Aliyetumwa aliniambia Sista Peres amesema nije, na nije na dira yangu ndogo. Sikuelewa mpaka nilipofika Sori nikaona jeneza linashushwa kwenye pikapu iliyotoka mochari. Lilikuwa na vishikio vya chuma. Walikuwa wamekubaliana ndugu wote kwamba Okelo atarudi Mfangano kwa mashua yake, na jeneza litakaa mbele, miguuni mwa mlingoti.

Nikalizunguka jeneza la rafiki yangu na dira mkononi. Shemeji zake walinitazama kama mtu aliyerukwa na akili, mpaka Peres alipowaeleza. Lilipofungwa kamba mlingotini nikaenda nyuma, nikaondoa ubao, nikaangalia. Sindano ilitulia. Nikamwambia Peres kwamba haitasumbua.

"Angalia tena, baba," akasema.

Nikaangalia tena. Ilikuwa imetulia.

Walifunga kitambaa chekundu juu ya mlingoti, tukatoka. Peres aliyapanga matanga mwenyewe, akiwa amevaa khanga kiunoni juu ya nguo nyeusi, na alipomaliza niliujaribu usukani kwa vidole. Ulikuwa mwepesi. Akapachika mkono wa mashine, akabonyeza, Mkuria akashika. Alasiri upepo wa ziwani ukaingia kama siku zote. Kisha saa ya matangazo ikafika, mtu akaitoa redio, akaitundika kwenye ndoano juu ya jeneza.

Watu wote wakaenda mbele. Mimi nilibaki nyuma. Sikupanga kubaki. Nilikuwa nimekaa mahali pake, na mkono wangu, nikautazama, umeinuka juu ya usukani bila kuugusa.

Peres akageuka akaniona. "Mwita, njoo. Wewe ndiye uliiweka."

Nikanyanyuka nikaenda. Ilikuwa safari fupi na ngumu. Walinitengea nafasi, nikachuchumaa nao. Majina yakasomwa, mmoja baada ya mwingine, na kila neno nilielewa. Kisha likaja lake: Okelo, jina la baba yake, mume wa Peres, nahodha wa mashua ya kanisa, mwili unaondoka leo Sori kwenda nyumbani Mfangano. Wanawake wakalia. Peres hakulia. Aliinama juu ya jeneza mpaka shavu lake likagusa ubao, akaligonga kidogo kwa vidole, kama unavyomgonga mtu mlangoni usitake kumshtua.

"Okelo, sikiliza," akasema. "Mkuria ameshika."

Niliangalia nyuma mara moja. Kiti kilikuwa kitupu, mkono wa chuma ukiingia na kutoka, na Mfangano ilikuwa mbele yetu palepale tulipoiweka. Hakuna aliyerudi nyuma mpaka matangazo yalipokwisha.